Kitako

Kilipasuka shingoni, pale kiganja kinaposhika,
siku nilipoteleza kwenye mawe ya kijito
nyuma ya Hokitika, mgongoni nina nusu ya kulungu.
Mimi sikuvunjika. Nililala kifudifudi nikisikiliza maji
na ule mlio mfupi wa mti wa jozi
ulionijulisha kwamba bunduki ya Mjomba Tamati
haina tena pa kukaa.

Chuma hakikupata hata mkwaruzo:
mtutu mzima, komeo linakwenda na kurudi kama ulimi.
Lakini chuma bila kitako ni bomba tu.

Jumanne nikaenda Greymouth kwa Oriel Strachan,
fundi mwenye vumbi la msasa hadi kwenye nyusi.
Akatandika gunia mezani, akavilaza vitatu.

Cha kwanza: jozi tena,
mishipa myeusi ikitiririka kama chai ndani ya maziwa.
Nikakipapasa. Nikakinusa. Nikakirudia.
Oriel akauliza, "Unataka kuwinda, au unataka kuposa?"
Akanikumbusha ninayoyajua na kuyakana:
mti hausahau kuwa mti, hata ukipakwa mafuta miaka arobaini.
Ukinyeshewa hunywa, ukinywa hufura,
ukifura huegemea mtutu kimyakimya,
na risasi iliyotua katikati siku ya Ijumaa
Jumapili inatua upana wa kiganja kushoto.
Na huku kwetu mvua haipiti; inaishi.
Uzuri wa mkakasi, basi.

Cha pili: plastiki nyeusi, nyepesi, bei ya viatu.
Nikakigonga kwa ukucha, kikaitika kama debe.
Nikawaza miiba ikikikwaruza
na kulungu majike wakiinua masikio ng'ambo ya bonde.
Nikakibana kwa vidole: kikabonyea.
Hapana.

Cha tatu hakikuwa na la kusema.
Faibaglasi, rangi ya kuvu juu ya jiwe,
na bei niliyoisoma mara mbili
nikidhani ni nambari ya simu.

"Kunja mkono," akasema Oriel.
Akapima toka kunjo la kiwiko changu
hadi kidole cha kufyatulia.
Inchi kumi na tatu na robo.
Akapima kile kilichovunjika: kumi na nne na nusu.
Akaziandika zote mbili kwa chaki juu ya gunia
akaenda kuteleka birika.

Miaka kumi na tisa.
Miaka kumi na tisa nimenyoosha shingo kama bata
nikiitafuta darubini
iliyofungwa mbele ya jicho la mtu mwingine;
bega la zambarau kila Aprili,
na kila nilipokosa nilisema ni upepo,
ni pumzi, ni ufupi wangu.
Tamati alikuwa na mikono ya kufikia dari.
Aliniachia bunduki kwa wema; mikono alikwenda nayo.
Nguo ya kuazima haisitiri matako,
nami niliazima hata kitako chenyewe.

Nikalipa. Kwa awamu tatu, na paja la kulungu.

Oriel akalaza chuma juu ya gundi nzito, akangoja ikauke,
kisha akapitisha noti ya dola tano chini ya mtutu
toka mwanzo hadi mwisho, bila kukwama.
"Unaelea," akasema, akairudisha noti mfukoni.

Jumamosi, kwenye mvua, nikakaa kitako juu ya turubai
na bunduki nayo ikakaa kitako kwangu.
Shavu likashuka lenyewe. Shingo ikapumzika.
Matundu matatu; sarafu moja ingeyafunika.

Kile cha zamani nilishindwa kukichoma.
Pale shavuni kina doa la jasho la Tamati
na juu yake, jembamba, langu.
Sasa kinashikilia dirisha la banda la kuku.
Jua likiwaka kinachomoka vizuri.
Mvua ikianza hufura,
na dirisha halifungiki.